Ubao wa ukutani na mfuko wa unga: jibu kwa msanifu wa michoro aliyekaukiwa mawazo

Swali: Shikamoo Mwalimu. Mimi ni msanifu wa michoro, nina umri wa miaka 29, na ninafanya kazi katika kampuni ndogo ya matangazo hapa Dar es Salaam. Tangu mwaka jana meneja wetu ameweka ubao ukutani wenye majina yetu saba, na kila kazi inayokamilika inawekewa alama. Anayeongoza mwisho wa mwezi hupewa bonasi, na wa mwisho huitwa ofisini. Zamani nilikuwa nikipata wazo hata nikiwa kwenye daladala. Sasa nikifungua kompyuta narudia kile nilichofanya wiki iliyopita kwa rangi nyingine. Mfuko wa unga wa sembe nimeuchora mara tatu, mteja ameukataa mara tatu, na mara zote yupo mama anayetabasamu akiwa ameshika mwiko. Hata daftari langu la michoro nyumbani sijalifungua kwa miezi. Je, shinikizo linaua ubunifu, au mimi nimekuwa mvivu? Na kama linaua, nifanyeje ilhali kazi naihitaji?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Nianze na neno uvivu, kwa kuwa ndilo linalokuumiza zaidi na ndilo rahisi kuliondoa. Mvivu hachori mfuko mmoja mara tatu. Huuchora mara moja akaenda zake. Wewe unafanya kazi nyingi, tena kwa kasi, lakini unaifanya mahali ambapo kasi haisaidii.

Swali la kama shinikizo linaua ubunifu haliwezi kujibiwa kwa ndiyo wala kwa hapana, kwa sababu neno hilo tunalitumia kwa vitu viwili visivyofanana. Kuna shinikizo lililo ndani ya kazi yenyewe: mfuko una upana fulani, rangi zisizidi tatu kwa sababu ya gharama ya uchapaji, mteja anauza kwa watu wanaonunua kilo moja moja, na mtambo wa kuchapa umepangwa kuanza Jumatatu. Kuna pia shinikizo linalomkalia mtu begani wakati bado anatafuta: nani ananitazama, nimepata alama ngapi, mwenzangu amemaliza ngapi. La kwanza mara nyingi huuamsha ubunifu. La pili huukausha, tena mapema, kabla kalamu haijagusa karatasi.

Kuna jaribio la zamani ambalo hupenda kulieleza kwa vitendo, na ukiweza uviweke vitu vyake mezani: mshumaa mmoja, njiti za kiberiti, na kisanduku kidogo cha karatasi ngumu kilichojaa pini za kubandikia matangazo. Kazi ni kuuweka mshumaa ukutani, uwake bila kudondosha nta mezani. Wengi huanza kwa kuuchoma mshumaa kwa pini, na pini hazishiki. Wengine huyeyusha ubavu wake ili waugandishe ukutani, nao ukaanguka. Jibu liko kwenye kisanduku. Unamwaga pini zote, unakibandika kisanduku kitupu ukutani kwa pini mbili, kisha unausimamisha mshumaa ndani yake. Ugumu wote ni kwamba jicho linakiona kisanduku kama chombo cha kuwekea pini, kwa hiyo halikioni kama kibao cha kubebea mshumaa.

Fumbo hilo lilitungwa na mwanasaikolojia wa Kijerumani, Karl Duncker. Mwaka 1962 Sam Glucksberg wa Marekani aliliongezea fedha. Kundi moja aliliambia kwamba anapima tu muda ambao watu huutumia kwa kawaida. Kundi jingine aliliahidi dola 5 kwa watakaoingia katika robo ya wenye kasi zaidi, na dola 20 kwa wa kwanza kabisa, fedha ambazo wakati ule hazikuwa kidogo. Walioahidiwa fedha walichelewa kwa wastani wa takribani dakika tatu na nusu kuliko wenzao. Lakini watu wengine walipopewa fumbo lile lile pini zikiwa zimekwisha kumwagwa, kisanduku kiko kitupu pembeni, walioahidiwa fedha ndio waliowahi kumaliza.

Kipande hiki cha mwisho ndicho watu hukisahau wanapolisimulia jaribio hili, na ndicho kinachoihusu ofisi yenu. Zawadi haikuwafanya watu wawe wajinga. Iliwafanya watazame mbele moja kwa moja, na pale ambapo jibu lilikuwa mbele moja kwa moja iliwasaidia kulifikia upesi. Pale ambapo jibu lilikuwa pembeni, iliwapitisha pembeni mwa jibu. Kwa hiyo meneja wako hajakosea kila mahali. Kubadilisha tarehe kwenye bango, kupanga upya orodha ya bei ya duka, kuisogeza nembo ya mteja kutoka kwenye kadi hadi kwenye fulana: hizo ni kazi za kisanduku kitupu, na ubao wa alama unaweza kuziharakisha bila madhara makubwa. Mfuko mpya wa unga ni kazi ya kisanduku kilichojaa pini. Ubao wenu unazihesabu zote mbili kwa alama ile ile, na mtu yeyote mwenye akili timamu akiwekewa hesabu ya namna hiyo atazikimbilia zile za kwanza, na za pili atazifanya kana kwamba nazo ni za kwanza.

Utasema kwamba hayo ni mambo ya maabara, na ofisi ina kodi ya pango ya kulipa. Ni kweli. Basi tuingie ofisini. Teresa Amabile, wakati huo profesa katika Chuo Kikuu cha Harvard, pamoja na wenzake, waliwaomba wafanyakazi 177 wa kampuni saba za Marekani waandike shajara fupi kila siku ya kazi wakati wakiendesha miradi iliyohitaji ubunifu. Matokeo ya shajara hizo, zilizozidi maandiko 9,000 ya siku moja moja, yalichapishwa mwaka 2002. Katika siku zenye shinikizo kubwa kabisa la muda, uwezekano wa mtu kufikiri kibunifu ulipungua kwa asilimia 45. Upungufu huo haukuisha jioni, bali ulionekana pia kesho yake na keshokutwa, mfano wa uchovu wa mtu aliyekesha kwenye ngoma. Jambo lililonishangaza mimi zaidi ni kwamba wenyewe hawakulijua hilo. Walipojipima, walijipa alama za juu za ubunifu katika siku zile zile za mbio. Walikuwa na shughuli nyingi, wakadhani shughuli ndiyo ubunifu.

Utafiti huo ulionyesha pia kwamba wapo waliobuni vizuri chini ya shinikizo kali. Hao walikuwa wameshika jambo moja kwa sehemu kubwa ya siku, hawakukatizwa, na waliamini kwamba haraka ile ina sababu ya kweli. Wale waliokauka walikuwa na siku iliyokatwakatwa vipande: mkutano huu, simu ile, marekebisho ya mteja mwingine, rejea kwenye kazi, ondoka tena. Ukiniuliza ni kipi nikibadilishe kwanza katika ofisi yenu kama ningepewa kimoja tu, nisingeanza na ubao. Ningeanza na kundi la WhatsApp la kazi.

Nami sisemi haya kama mtu aliyezaliwa akiyajua. Kabla sijaanza kufundisha nilisimamia kitengo cha waandishi wa matangazo katika kampuni moja, na nilikuwa na ubao wangu mwenyewe, wa chaki, nikijivunia jinsi nilivyoupanga. Mwezi wa kwanza kazi ziliongezeka, nami nikajipongeza. Mwezi wa tatu niligundua kwamba kila mwandishi ananiletea kile anachojua nitakikubali bila swali. Kijana mmoja aliyekuwa akiniudhi kwa mawazo ya ajabu, ambayo moja kati ya matano lilikuwa zuri kupita yote ya ofisi nzima, alikuwa ameacha kuniudhi. Niliona ni maendeleo. Alipoondoka ndipo nilipohesabu hasara.

Sasa nigeukie upande wa pili, maana kuna watu wanaosikia maneno haya wakadhani msanii anahitaji uhuru usio na mwisho, chumba tulivu na muda wa kutosha. Lugha yetu wenyewe inawakanusha. Mwanzoni mwa karne ya 19 Muyaka bin Haji wa Mombasa alitunga mashairi ya kuwachokoza watu wa Lamu, wakati uhasama wa miji hiyo miwili ukielekea kwenye vita vya Shela, na Lamu ikajibu kwa mashairi, Zahidi Mngumi akiwa miongoni mwa waliojibu. Shinikizo gani lingezidi hilo? Mji mzima unangoja, na jibu likiwa chapwa aibu ni ya wote. Juu ya hayo shairi lina sheria zake: mizani nane, kituo, mizani nane nyingine, na vina katikati na mwishoni. Lakini tazama sheria hizo zinafanya kazi gani. Mtunzi anahitaji neno la mizani tatu linaloishia kwa "ma". Neno la kwanza linalomjia halitoshi, la pili linazidi, la tatu linaharibu maana, na kwa hiyo analazimika kwenda mbali zaidi ya pale ambapo mazoea yangemfikisha. Huko mbali ndiko anakoikuta picha ambayo asingeifikiria kama angeachiwa aandike apendavyo. Bahari ya shairi inambana, lakini haisimami nyuma yake ikihesabu beti ngapi amemaliza tangu asubuhi.

Vifaa navyo hubana kwa namna hiyo hiyo. Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru, alipoanza kuchora Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, hakuwa na turubai wala rangi za madukani za wasanii. Alichora kwenye vipande vya mraba vya mbao za kiwandani, kwa rangi ya kung'aa ya kupakia baiskeli, na mtindo uliochukua jina lake umebeba alama za vifaa hivyo hadi leo. Alifariki mwaka 1972, baada ya miaka michache tu ya kuchora, na wanafunzi wake na jamaa zake wakaendelea, baadaye wakaunda ushirika wao. Lakini historia hiyo ina upande wake mwingine. Mtalii aliyempenda twiga fulani alirudi akitaka twiga yule yule, na mchoraji mwenye watoto wa kusomesha alimchora tena. Simlaumu, hiyo ni kazi halali, na kunakili ndiyo njia ambayo vijana wengi walijifunzia kushika brashi. Ninachosema ni kwamba soko linapolipa marudio, hupata marudio. Mama mwenye mwiko ndiye twiga wako.

Na kwa nini ni yeye, si mwingine? Kwa sababu hakuna atakayekugombeza kwa ajili yake. Mwaka 1979 Amabile huyo huyo alichapisha jaribio ambamo wanafunzi wa kike wa chuo kikuu walitengeneza picha kwa kubandika vipande vya karatasi za rangi. Baadhi yao walijua mapema kwamba kazi zao zitapimwa na wasanii, na kwa jumla kazi zao zilionekana kupungukiwa na ubunifu zikilinganishwa na za wale wasiofikiria kupimwa. Mtu akijua kwamba jicho la hakimu liko mezani, mkono wake hutafuta kilicho salama. Anayeitwa ofisini mwisho wa mwezi si mwenye mchoro wa kawaida. Ni mwenye alama chache.

Nije sasa kwenye yaliyo mikononi mwako. Mwaka 1926 Mwingereza Graham Wallas aliigawa kazi ya ubunifu katika hatua nne: maandalizi, kuatamia, kung'amua ghafla, na uhakiki. Hatua hizo hazifuatani kwa unyoofu kama alivyozipanga, lakini hiyo ya kuatamia inakuhusu. Uliandika kwamba zamani wazo lilikujia kwenye daladala. Halikukujia kwa bahati; ulikuwa umekwama na swali mezani, ukaliacha, na akili ikaendelea kulilalia wakati wewe unatazama dirishani. Nakisia kwamba siku hizi ukiwa kwenye daladala unajibu ujumbe wa kazi. Basi kwa wiki mbili, simu iwe ndani ya mkoba kutoka unapopanda hadi unaposhuka, na kabla hujatoka ofisini andika kwenye karatasi swali moja la kazi ya kesho, swali tu, bila jibu. Usilifanyie kazi njiani. Liache likae.

Daftari la nyumbani ni jambo nyeti zaidi. Nadhani hulifungui kwa sababu umeuchukua ubao ukaupeleka nyumbani: ukichora tu, sauti inauliza mchoro huu una faida gani. Rudi kwake kwa dakika 20, mara tatu kwa wiki, na ujiwekee mipaka ya Muyaka, si ya meneja. Kalamu moja nyeusi. Mikono tu ya watu, hakuna nyuso: mkono wa muuza mihogo, wa kondakta aliyeshika noti katikati ya vidole, wa bibi anayepeta mchele. Usiziweke mtandaoni hata moja, maana idadi ya waliopenda picha yako nayo ni ubao, tena wenye watazamaji wengi kuliko ule wa ofisini. Ikiwa pamoja na kukauka kwa mawazo umekosa usingizi kwa wiki nyingi, au hata mambo mengine uliyoyapenda hayakuvutii tena, hilo halitatuliwi kwa daftari, mwone daktari.

Kuhusu meneja, usiende kumwambia kwamba ubao wake unaua ubunifu. Hata likiwa kweli, ni neno la kumvua mtu cheo mbele ya watu wake, naye ana wakubwa wanaomhesabu kama anavyowahesabu ninyi. Nenda na hesabu. Mfuko wa unga umekwisha kukataliwa mara tatu. Piga hesabu ya saa zilizotumika, zako, za mpiga chapa wa sampuli, na za aliyekwenda kumwona mteja. Kisha omba kitu kidogo cha majaribio: kwamba kwa miezi miwili kazi mpya kabisa zisiingie kwenye ubao, zipimwe kwa kigezo kimoja tu, yaani zimekubaliwa na mteja kwa mara ya ngapi, na kwamba Jumanne na Alhamisi, kuanzia saa mbili hadi saa nne asubuhi, asiwepo wa kumtumia ujumbe aliyeshika kazi ya namna hiyo. Tarehe ya mwisho usiombe iondolewe. Omba kuambiwa sababu yake, kwa kuwa tarehe inayotokana na mtambo wa kuchapa hukubalika moyoni, na tarehe iliyowekwa ili kuwatisha watu hugundulika mara ya pili inapotumika.

Kama anasoma ukurasa huu, na mameneja huusoma, nimkumbushe mfano wa jirani. Majaribio ya M-Pesa nchini Kenya mwaka 2005 yalilenga kuwasaidia watu kurejesha mikopo midogo kwa simu. Watumiaji wakawa wanaitumia kwa mambo yao, likiwemo kutumiana fedha wao kwa wao. Huduma ilipozinduliwa rasmi Machi 2007, hilo la kutumiana fedha ndilo lililowekwa mbele. Waliokuwa wakiendesha majaribio wangehesabu marejesho ya mikopo peke yake, mambo hayo yangeandikwa kama usumbufu.

Vikao vya kutafuta mawazo vinahitaji marekebisho pia, na haya hayagharimu chochote. Tangu jaribio la Chuo Kikuu cha Yale mwaka 1958 imeonekana mara nyingi kwamba watu wanaofikiri kila mmoja peke yake, kisha mawazo yao yakajumlishwa, huleta mawazo mengi kuliko idadi ile ile iliyokaa kikao kimoja. Mwaka 1987 Michael Diehl na Wolfgang Stroebe walionyesha sababu kubwa: mmoja akisema, wengine hungoja zamu, na wakingoja mawazo hupotea. Kwetu kuna sababu ya ziada ambayo haikuwa kwenye maabara zao, nayo ni kwamba mkubwa akishasema, kikao kimekwisha. Kilichobaki ni kumuunga mkono kwa maneno tofauti. Pendekeza dakika kumi za kuandika kimya, kisha asome kwanza aliye mdogo, na meneja awe wa mwisho. Likitoka kwako kama ombi la heshima, halitaonekana utovu wa adabu.

Na mfuko wa unga wenyewe? Mwombe mteja ruhusa ya kufika kiwandani kwake asubuhi moja, au kama ni mbali, simama nusu saa kwenye duka la mtaani kwenu jioni, saa ambayo watu wananunua unga wa ugali wa usiku. Tazama mkono unashika mfuko wapi, mwenye duka anaupanga ukiwa umesimama au umelala, na mnunuzi anautajaje: kwa jina la kampuni, kwa rangi, au kwa kidole tu. Kisha Alhamisi, ndani ya zile saa mbili, chora mifuko kumi na miwili kwa penseli, midogo kama kisanduku cha kiberiti, kwa sharti moja: hakuna mtu yeyote ndani yake, wala mwiko. Sita au saba itakuwa mibaya sana. Usiifute, na usimwonyeshe mwenzako hadi kesho yake. Ijumaa asubuhi chagua miwili, kisha ndipo ufungue kompyuta.